Kalulu Hakugusa Mpira

Mununga, Jumanne, mwezi wa tano umefika katikati. Ni mwezi wa tatu tangu nitoke nyumbani.

Mwanangu Feli,

Lori la samaki linaondoka hapa jua likizama. Dereva amekubali kusimama pale kwetu Nchelenge na kumpa mama yako bahasha hii kabla hujaamka. Minibasi ya kukupeleka shule kule Mansa inaondoka asubuhi. Basi maneno haya yatakukuta umefunga begi lako, au umelifungua tena na kurudisha nguo msumarini, na mimi sitakuwapo kuona ni lipi.

Mambo ya blanketi, sabuni, sala na watu wa kuepuka, mama yako amekwisha kukuambia. Tena namjua, amerudia. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka tuongee juu ya ile simu yako, na juu ya vitabu vyako.

Jumamosi uliponipigia nilikuwa nimekaa juu ya magunia, nangoja lori. Hukunisalimu hata.

“Papa, siendi tena.”

“Juu ya nini?”

“Kocha wa basket kule Mansa alisema mi njo wa mwisho mu timu. Batanichukua juu ya kukaa ku benchi na kubeba maji ya benzangu. Afazali nibakie, niuzishe samaki na mama.”

Nikasema, “Ngoja kwanza, Feli,” na salio lako likaisha.

Sikukupigia tena mpaka leo. Usidhani ni hasira. Nilikuwa karibu kabisa kukuambia, basi, bakia. Nilijiuliza kama wewe: nani anasafiri mpaka Mansa kwenda kukaa? Kukaa hata Nchelenge kupo. Nililala na jibu hilo, nikaamka nalo, na kila nilipotaka kukupigia nikupe, nilimkumbuka mtoto mmoja wa kwenye vitabu vyako, nikairudisha simu mfukoni. Nitakueleza ni yupi.

Siku niliyotoka ulinitilia kwenye mfuko vitabu vinne vya picha vya mpira wa kikapu, hivi vya Wajapani unavyoviita manga, umevifunga kwa kipande cha wavu.

“Utavisoma, papa. Kule hauna mutu wa kusema naye.”

“Mimi nisome mapicha?”

“Soma tu.”

Nilivichukua ili usihuzunike. Tangu baba mdogo wako alipokuletea toka Lubumbashi nilikuona unavyovishika, nikasema ni utoto. Unanawa mikono kabla ya kuvifungua, wewe ambaye mama yako anapiga kelele ndipo unawe kabla ya kula. Siku moja maharage yaliungua mbele ya pua yako na hukusikia harufu. Mama yako akauliza kuna nini humo ndani, ukamjibu bila kuinua kichwa, “Bado banacheza.” Nikauliza wanacheza mechi gani. Ilikuwa mechi ileile ya wiki iliyopita! Nilicheka sana. Mimi mpira wa kikapu niliuona kama kazi ya kurusha kitu na kukiokota. Mechi gani hiyo isiyokwisha?

Nilipofika hapa nikaviweka chini ya kichwa, vikawa mto.

Lakini ulilosema juu ya mtu wa kusema naye lilikuwa kweli. Hapa watu wanaongea Kibemba chao, na Kiswahili wanakitoa wakati wa biashara tu, kama mizani. Gunia ngapi, kilo ngapi, weka hapa, ngoja. Bei ikikubaliwa wanakirudisha ndani. Kibemba changu kinatosha kuomba chumvi. Hakitoshi kumwambia mtu kwamba nimeota nyumba yetu ya zamani, ya Pweto kule Kongo, na kwamba katika ndoto mlango ulikuwa upande usio wake. Kanisani naimba kwa kufuata midomo ya wengine. Siku ambazo hakuna ukungu, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo ya ziwa, na sina wa kumwonyesha kwa kidole, maana kwa watu wa hapa ile ni milima tu.

Basi Jumapili moja nikafungua kitabu cha kwanza. Kifaransa changu ni cha darasa la tano, lakini picha zinasaidia. Nikasoma tunavyosoma sisi, kuanzia kushoto, ukurasa kwa ukurasa. Na hadithi niliyoisoma ilinivunja, Feli. Mwanzo, wasichana wamejaa kwenye chumba kimoja, wanalia, wameshikana mabega. Halafu wanacheza. Halafu wanafanya mazoezi na kugombana. Halafu hawaongei kabisa. Na mwisho mmoja anamtazama mwenzake na kumwuliza, “Wewe unaitwa nani?”

Nikafunga kitabu. Nikasema, hawa Wajapani wanajua. Ndivyo inavyokwenda, mnaanza mkiwa ndugu, mnaishia hamjuani. Nikawafikiria wale niliobeba nao magunia kule Pweto, ambao leo sijui hata wako nchi gani. Sikula siku ile.

Kulikuwa na mambo yasiyokaa sawa, lakini sikuyajali. Mpira ulikuwa unatoka kwenye nyavu na kurudi mikononi mwa mtu. Nilidhani ndio mchezo wao.

Aliyenitoa humo ni Chola. Chola ni mbebaji wa magunia hapa, Mbemba wa Kabuta, kifua kama mlango na maneno hayamwishi. Ananiita bashi Feli, yaani baba Feli kwa lugha yao. Siku moja lori limechelewa, akachungulia juu ya bega langu.

“Bashi Feli, ule mutoto anaruka ao anaanguka?”

“Anaruka.”

“Awe, hapana! Nywele yake inasimama juu. Mutu mwenye kuruka, nywele inalala chini. Ule anaanguka.”

“Mbona ukurasa uliopita alikuwa chini?”

“Basi unasoma kinyume, mukwai!”

Akacheka mpaka akawaita wenzake waje wamwone Mkongo anayesoma kwa kurudi nyuma. Nikakigeuza kitabu, nikaanzia upande wa kulia, kumbe ndivyo wanavyosoma Wajapani, na hadithi ikageuka nacho. Watu wasiojuana wanaulizana majina. Wanagombana, wanafanya mazoezi ndani ya jumba ambalo theluji inavuja darini. Wanacheza. Wanashindwa, na katika kushindwa wanashikana mabega na kulia kama watoto wa mama mmoja. Ni picha zilezile, Feli. Haikuongezwa hata moja.

Tangu siku hiyo nasoma kwa sauti wakati wa kungoja lori. Nakitoa Kifaransa, nakiweka kwenye Kiswahili, na Chola anakichukua anakipeleka kwenye Kibemba kwa wengine. Mimi nasema neno moja, yeye anasema kumi. Nimemshika mara nyingi anaongeza mambo yake. Kuna siku nilisoma kwamba kocha amenyamaza, na Chola akawa anawahutubia watu kwa muda mrefu. Nikamwuliza kocha amesema nini chote hicho. “Alinyamaza,” akanijibu, “mimi ninawaeleza namna alinyamaza.”

Majina ya Kijapani yalitushinda ulimi, tukawapa ya kwetu. Kocha, mama mzee asiyecheka, ni Ba Madam. Yule msichana mrefu wa timu pinzani anayewafunga wote ni Mulefu. Na yule mdogo wa mwisho, anayekaa benchi na kushika taulo za wenzake, Chola alimwita Kalulu, sungura, kwa ajili ya masikio yake yanayotokeza nje ya nywele. Huyo ndiye niliyesema nitakueleza.

Lakini kwanza Mulefu. Chola alimchukia kwa moyo wote.

“Ule njo shetani. Banamupa nini mu chakula?”

“Ni mutoto tu, Chola.”

“Mutoto? Iwe, angalia kiwiko chake!”

Halafu kikaja kile kipande, wewe unakijua. Mulefu ameruka, mkono wake uko juu ya kikapu, unageuza ukurasa ukitegemea kuona mpira unaingia, na badala yake unaona jiko dogo. Jioni, nyumbani kwao. Anainama ili apite mlangoni. Viatu vyake vya shule vimekatwa mbele ili vidole vipate pa kutokea. Wadogo zake wanamcheka kwa mapenzi. Na usiku analala amejikunja, magoti kifuani, kwa sababu akiwa mdogo alidhani mtu akilala hivyo hatakua tena, na desturi imembakia. Ndipo unageuza ukurasa mwingine, na mpira unaingia.

Baadaye Chola akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake:

“Sasa nitamuchukia nani?”

“Hata mimi sijui.”

“Ba Japani banaharibu muchezo, kweli vreman.”

Kesho yake alikuwa wa kwanza kukaa. Nami nikafahamu kwa nini maharage yaliungua. Mechi ile haiishi kwa sababu kitabu hakimruhusu mtu yeyote kupita bila kwanza kuulizwa anatoka wapi. Nimefanya kazi na watu wengi maishani, na wengi wao nilijua tu wana nguvu kiasi gani.

Sasa Kalulu. Kitabu cha nne, Ba Madam anamwita. Wenzake wamechoka, mmoja anachechemea. Kalulu anatazama nyuma kwanza kuona kama aliyeitwa ni mwingine. Anapewa kazi moja, asimame mgongoni kwa Mulefu ili asipate nafasi ya kupokea mpira. Anasimama. Anasukumwa, anarudi, anasimama tena. Mpira unapita kulia kwake, unapita kushoto kwake, unapita juu. Halafu anaitwa atoke, anarudi benchi na kuchukua taulo lake. Basi. Kalulu hakugusa mpira. Chola hakuamini, akaniambia nirudi nyuma tuangalie kila picha. Tukarudi. Hakugusa hata mara moja.

“Alafu juu ya nini banamuchora sana vile?”

Na kweli wamemchora kuliko wale wanaofunga. Wamechora vidole vyake vya miguu vikijikaza ndani ya viatu. Wamechora anachokiona yeye, ambacho ni mgongo wa Mulefu na hakuna kingine. Lori likaja, tukaenda kazini.

Ukiulizwa shuleni baba yako anafanya nini, unasema anabeba mizigo ya samaki. Feli, sibebi tena. Tangu mwaka jana natwika.

Gunia la chisense kavu, wale samaki wadogo unaowajua, mtu hawezi kulipandisha begani peke yake. Mbebaji anageuka, anainama kidogo, na watu wawili walio nyuma yake wanaliinua na kulitua begani. Kisha yeye anapanda ubao mpaka juu ya lori. Hao wa nyuma ndio watwikaji. Wenye samaki wanamwona anayepanda ubao, wanamwita kwa jina, Chola! Chola! Jina la mtwikaji hakuna mtu anayelijua.

Kule Pweto nilikuwa mtu wa kuitwa jina. Kina mama wakinishangilia nilikuwa naomba niongezewe gunia la pili juu ya la kwanza. Hakuna aliyenituma. Lori halikuwahi kuondoka mapema kwa sababu ya yale magunia yangu mawili, lilingoja wengine palepale. Nilidhani wanapenda kazi yangu, kumbe wanapenda kutazama. Mgongo ulikuwa unaniambia, nami nikausikia kama redio ya jirani. Mpaka mwaka jana hapa Mununga, nilipopiga goti katikati ya ubao na gunia begani na sikuweza kuinuka. Mama mwenye samaki hakunifokea. Alisema kwa upole tu, “Papa, kuanzia kesho utatwika.” Afadhali angenifokea.

Ndiyo maana Krismasi, ulipoona begani kwangu hakuna tena alama na ukaniuliza, nilisema nimebadilisha bega.

Mwezi jana malaria ilinishika, nikaenda kliniki. Niliporudi mchana nilidhani lori limekwisha kwenda. Nikalikuta limejaa nusu. Chola amekaa chini, miguu ameinyoosha, na mama mwenye samaki amesimama juu yake.

“Chola, haubebe juu ya nini?”

“Namungoja bashi Feli.”

“Batwikaji bawili beko pale, haubaone?”

“Bale banatupa, mama. Na shingo niko nayo moja tu.”

Mbebaji hakuoni, Feli. Uko nyuma yake. Anakujua kwa namna mzigo unavyotua. Miezi yote ile nilikuwa nyuma ya mgongo wa mtu yule na hakunipa neno hata moja juu ya kazi yangu, wala siku ile hakunipa. Aliponiona alisimama, akageuka, akainama. Nikaenda mahali pangu, tukainua.

Siwezi kukudanganya kwamba ukienda Mansa itakuwa kama kitabu. Huenda utakaa mwaka mzima. Utasikia majina ya wenzako yakiitwa, na utainama ujifanye unafunga kamba ya kiatu ili wasione uso wako. Mimi nimefanya hivyo na ndala. Upweke wa kukaa karibu na watu wanaoshangilia mwingine ni mchungu kuliko huu wangu wa kutazama milima. Na Kalulu, kama unakumbuka, hakupigiwa makofi. Aliporudi benchi mwenzake alisogea kidogo tu apate pa kukaa.

Kwa hiyo sikuamrishi. Nakuuliza kitu ambacho kwenye simu hukukisema, na mimi sikupata nafasi ya kukiuliza. Unataka kucheza? Uliniambia kama wao wanakutaka, na kwa kiasi gani. Hilo ni lao. Kama mwenyewe hutaki, bakia, uza samaki na mama yako, ni kazi na imetulisha. Lakini kama unataka, na kinachokuzuia ni kuonekana umekaa, basi hicho nakijua. Ndicho kilichokuwa kikinifanya niombe gunia la pili.

Kitabu cha nne kinakatika mechi haijaisha. Chola ananisumbua kila siku kama vile mimi ndiye niliyekichora. Najua cha tano kiko hapo nyumbani, ulikibakiza kwa sababu ulikuwa hujakimaliza. Kama unapanda minibasi, mwachie mama yako, dereva atakichukua akipita kurudi huku. Lori likifika Chola atakimbilia mlango wa dereva, na mimi nitajishughulisha na kamba za magunia kana kwamba hainihusu. Kama hakuna kitabu, nitamwambia Chola kwamba mwanangu bado anakisoma. Nitakuwa nimesema kweli, na sitakuuliza zaidi.

Wananiita, lori limewashwa.

Ziwa litafungwa mwisho wa mwezi wa kumi na moja, uvuvi ukipumzika nasi tunaachiliwa. Nitarudi wakati huo. Kama uko nyumbani, utanisikia nikikohoa mlangoni. Kama uko Mansa, shule itakuwa haijafunga bado. Minibasi ikisimama Nchelenge nitamshushia mama yako mizigo yangu, atanisamehe, na mimi sitashuka. Nitapitiliza mpaka shuleni kwenu, niulize uwanja uko wapi, nikae upande wa benchi.

Papa yako